Rauschenberg na Asia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapomtaja Robert Rauschenberg mbele ya wanafunzi wa uchapaji wa picha, maswali huwa yale yale. Nani alimwalika? Alitoa nini, alichukua nini? Wenyeji walimwonaje? Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Machache yanajibika kwa mistari miwili. Mengine yamenikaa moyoni miaka mingi, nami nimeyajibu kwa urefu yanaostahili.

Rauschenberg alikuwa nani?

Msanii wa Marekani, mzaliwa wa Port Arthur, Texas, 1925. Alifariki 2008 katika kisiwa cha Captiva, Florida, alikoishi na kufanya kazi kwa karibu miaka 40. Anakumbukwa zaidi kwa zile kazi zake za miaka ya 1950 ambazo si picha na si sanamu, bali vyote viwili kwa pamoja. Mojawapo inaitwa *Monogram*: mbuzi aliyekaushwa, manyoya marefu, amesimama juu ya ubao uliopakwa rangi na kiunoni amevishwa tairi la gari. Nyingine ni *Bed* ya 1955: mto na blanketi la viraka, vimemwagiwa rangi, vikatundikwa ukutani kama mchoro. Mwaka 1964 alitwaa tuzo kuu ya uchoraji katika maonyesho ya Venice, na tangu hapo jina lake likafika kila mahali.

Alifika Asia lini kwa mara ya kwanza?

Mwaka huohuo wa 1964. Alisafiri na kundi la ngoma la Merce Cunningham, yeye akiwa fundi wa jukwaa, mavazi na taa. Walipita Ulaya, kisha India, Thailand, na safari ikaishia Japani.

Lakini ukianza hadithi hapo umechelewa. Kuna mkutano wa kabla yake ambao mimi nauona ndio mlango. Mwaka 1946 mwanamuziki wa Kihindi Gita Sarabhai alikwenda New York kujifunza muziki wa Magharibi, akakutana na mtunzi John Cage. Wakapatana hivi: Cage amfundishe nadharia ya muziki wa kwao, naye Gita amfundishe Cage muziki wa India. Hakuna aliyemlipa mwenzake senti. Somo lililipwa kwa somo.

Baadaye Cage akawa rafiki wa karibu wa Rauschenberg, na zile turubai nyeupe tupu ambazo Rauschenberg alizipaka 1951 zilimpa Cage ujasiri wa kutunga kile kipande chake maarufu cha kimya. Na ni familia hiyohiyo ya Sarabhai, wenye viwanda vya nguo Ahmedabad, iliyowakaribisha Cunningham na wenzake India 1964. Kwa hiyo mtu akisema Rauschenberg "aliigundua" Asia, mwambie Asia ilikuwa imeshabisha hodi kwao New York miaka 18 kabla.

Ni nini hasa kilichotokea Tokyo ule usiku wa Novemba 1964?

Mhakiki Yoshiaki Tono alikuwa amepanga mazungumzo ya hadhara katika kituo cha sanaa cha Sogetsu. Kichwa chenyewe kilitaja maswali 20 kwa Rauschenberg. Watu wakaja na maswali yao.

Rauschenberg hakujibu hata moja. Alikuwa ameandaliwa kiambaza cha kukunja cha Kijapani, kile cha dhahabu kinachowekwa sebuleni kwa heshima, naye akaanza kukifanyia kazi mbele ya hadhira, kimya, kwa saa kadhaa. Alibandika maboksi ya karatasi ngumu, akafunga kiatu, saa na chupa za Coca-Cola, akapaka rangi juu ya dhahabu. Pembeni akaweka mbwa wa kauri juu ya kiti cha baiskeli, amefungwa kamba kama anayetembezwa. Kazi hiyo inaitwa *Gold Standard*.

Nimeulizwa mara nyingi kama ilikuwa dharau kwa wenyeji. Naelewa kwa nini mtu aone hivyo. Umealikwa, umeulizwa kwa adabu, kisha unageuza mgongo. Hata mimi nisingependa mgeni anifanyie hivyo. Lakini tazama alichokuwa akikifanya: vitu alivyobandika viliokotwa Tokyo, na ubao aliotumia ni wa Kijapani. Alijibu kwa lugha pekee aliyoiweza sawasawa. Hakujua Kijapani, na mkalimani asingeweza kuifasiri mikono yake.

Yule kijana aliyepanda jukwaani na nakala alikuwa nani? Huo si wizi?

Ushio Shinohara. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Alikuwa ameona picha ya kazi ya Rauschenberg iitwayo *Coca-Cola Plan* kwenye jarida: chupa tatu za Coca-Cola katikati ya mabawa mawili ya chuma. Yeye hakuwa na fedha ya kwenda Marekani kuiona. Basi akaitengeneza mwenyewe kwa kuangalia ile picha tu, na alipokuja mgeni, akafika nayo.

Si wizi. Mwizi huficha, Shinohara alitangaza. Aliita mradi wake sanaa ya kuiga, akatengeneza nakala si moja. Alikuwa akiuliza swali zito: kama Rauschenberg anaweza kuchukua chupa iliyotengenezwa na wengine na kuiita kazi yake, kwa nini mimi nisiichukue kazi yake na kuiita yangu? Na kama Magharibi hutufikia kwa kurasa za majarida peke yake, basi kurasa hizo ndizo malighafi yetu. Sijui msanii gani aliyewahi kukua mbali na makumbusho makubwa ambaye hajaonja hali hiyo. Mimi nilijifunza rangi za wachoraji wa Ulaya kutoka kwenye vitabu vilivyochapwa vibaya, na kwa miaka nikadhani bluu fulani ni ya kijani.

Alifanya nini India?

Alirudi Ahmedabad 1975, safari hii na mafundi wa karakana ya uchapaji ya Gemini ya Los Angeles, akafanya kazi katika kinu cha karatasi cha ashram (makao ya jumuiya ya kiroho) iliyoanzishwa na Mahatma Gandhi. Huko ndiko alikoacha kuwa mtalii.

Kinu hicho kilikuwa kinageuza matambara kuwa karatasi. Rauschenberg akataka kitu kizito zaidi, cha kufinyangwa kama udongo wa ukuta. Akina fundi wa Ahmedabad wakamwonyesha kinachowezekana: rojo la matambara likachanganywa na udongo, unga wa uwatu, mbegu za ukwaju zilizosagwa, chokaa na gundi. Uwatu na ukwaju! Mtu wa pwani yetu akisikia orodha hiyo anafikiria mchuzi, na hakosei, kwa kuwa ni vitu vilevile vilivyoletwa na majahazi yaleyale. Rojo hilo likakaushwa, likaunganishwa na mianzi, kamba na vitambaa. Ukisimama karibu na kazi hizo unaona nyufa ndogondogo, kama za ukuta wa nyumba ya udongo baada ya kiangazi.

Aliporudi Captiva akaanza mfululizo aliouita *Jammers*: hariri na pamba, rangi moja au mbili, zimetundikwa au kuegemezwa na fito. Basi. Mtu aliyekuwa amezoea kujaza kila pembe kwa takataka za mji, ghafla ameacha kitambaa kiwe kitambaa. Jina lenyewe limetoka kwenye meli za matanga. Gujarat imekuwa ikivisha Zanzibar, Mombasa na Lamu kwa karne nyingi, kwa hiyo nadhani tunaziangalia kazi hizi kwa jicho ambalo mtazamaji wa New York hana. Yeye anaona uchoraji uliopunguzwa. Sisi tunaona duka la nguo, jora likifunuliwa juu ya meza.

Na Uchina? Ni kweli alikatazwa kuingia kiwandani?

Ni kweli. Mwaka 1982 alikwenda Jingxian, mkoa wa Anhui, kunakotengenezwa karatasi ya Xuan. Alitamani kukaa ndani ya kiwanda kama alivyokaa Ahmedabad. Hakuruhusiwa, maana ufundi ule ulilindwa kama siri ya taifa. Alifanya kazi yake jirani, karatasi zikamfuata.

Watu huniuliza siri gani iko kwenye karatasi. Mwenye kuishika hahitaji maelezo. Malighafi ni ganda la mti wa qingtan na mabua ya mpunga. Huloweshwa, huchemshwa na chokaa, kisha huanikwa kwenye miteremko ya mawe kwa miezi, jua na mvua vikipokezana mpaka nyuzi ziwe nyeupe. Hutwangwa. Huchanganywa na maji na utomvu wa mmea kwenye birika, na hapo watu wawili wanaokabiliana huchovya chekecheke la mianzi kwa mwendo mmoja, mmoja akiongoza na mwenzake akifuata. Unene wa karatasi uko kwenye viganja vyao, hakuna mizani. Mwishowe kila ukurasa hubandikwa kwenye ukuta wenye joto kwa brashi pana na kubanduliwa ukiwa mkavu. Nina ukurasa mmoja nyumbani, zawadi. Ukiupuliza unapepea, lakini tone la wino likiugusa hunywewa papo hapo na halirekebishiki. Wachoraji wa Kichina wamefunzwa na karatasi hiyo kutosita. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Rauschenberg alitumia karatasi hiyo kwa mfululizo wa *7 Characters*: hariri, utepe, jani la dhahabu, kioo, na herufi za Kichina zilizofinyangwa kwa rojo la karatasi. Katika safari hiyo pia alipiga picha nyingi ambazo mwaka uliofuata alizigeuza kuwa picha moja ya rangi yenye urefu wa futi 100, *Chinese Summerhall*.

Jambo lililombadilisha halikuwa karatasi, hata hivyo. Lilikuwa kukutana na watu ambao hawakujua lolote kuhusu mahali penye umbali wa safari fupi tu kutoka kwao. Akaondoka na wazo la mradi wa ROCI.

ROCI ni nini, na nani alilipa?

Ni kifupi cha jina refu la Kiingereza lenye maana ya mabadilishano ya utamaduni ng'ambo. Hutamkwa kama Rocky, jina la kobe wake. Aliutangaza Umoja wa Mataifa, New York, Desemba 1984. Utaratibu ulikuwa huu: yeye na timu yake wanakwenda nchi fulani, wanapiga picha, wanakutana na mafundi na waandishi, wanakusanya vitu. Wanarudi Captiva, kazi zinatengenezwa. Kisha maonyesho yanafunguliwa katika nchi ileile, pamoja na kazi za nchi zilizotangulia, ili Mchina aione Chile na Mcuba aione Tibet. Kila nchi ilibakiziwa kazi moja kama zawadi.

Alipita Mexico, Chile, Venezuela, Uchina, Tibet, Japani, Cuba, Muungano wa Kisovyeti, Berlin na Malaysia, akafunga hesabu 1991 katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa, Washington.

Fedha? Zake, kwa sehemu kubwa. Aliuza kazi za marafiki zake alizokuwa amezihifadhi na akaweka mali yake rehani. Wengi hawalijui hilo wanapomshutumu kuwa alikuwa balozi wa serikali ya Marekani.

Maonyesho ya Beijing 1985 yalikuwaje?

Yalifunguliwa Novemba katika jumba kuu la sanaa la taifa. Ili uelewe uzito wake, kumbuka yaliyotangulia. Mwaka 1981 makumbusho ya Boston yalileta Beijing michoro ya Kimarekani, na wakuu wakapinga ile isiyo na sura ya mtu wala kitu. Iliingia baada ya mabishano makali. Miaka minne baadaye, katika jumba hilohilo ambalo vijana walizoea kuona michoro ya wakulima wakitabasamu, kulikuwa na vitambaa, vyuma, maboksi na picha za magazeti. Inahesabiwa kuwa zaidi ya watu 300,000 walipita.

Nawaza mara nyingi juu ya mwanafunzi wa sanaa aliyesafiri kwa treni usiku kucha kutoka mkoani, amefundishwa kuwa sanaa ni mafuta juu ya turubai na mkono uliozoezwa kwa miaka, kisha anasimama mbele ya boksi lililobanwa ukutani. Alicheka? Alikasirika? Wote wawili walikuwepo, na waliotoka bila neno pia.

Lhasa je?

Mwezi uliofuata, Desemba 1985, kazi zilipelekwa Tibet na kuonyeshwa katika ukumbi uliokuwa wa maonyesho ya mapinduzi. Hapa sina la kumtetea sana. Kupeleka sanaa kwa watu waliotawaliwa kwa nguvu, kwa kibali cha anayewatawala, ndani ya ukumbi wake, ni jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko ule alioonyesha. Aliamini kuonana ni bora kuliko kutoonana. Naliheshimu hilo, lakini watu wa Lhasa hawakuwa na nafasi ya kumjibu kama Shinohara alivyomjibu Tokyo, na pasipo jibu sioni mabadilishano. Santiago, mji mkuu wa Chile chini ya dikteta Pinochet, iliyopokea maonyesho mwaka huohuo, inaleta swali hilohilo.

Wasanii wa Uchina walimwiga?

Wengine, ndiyo. Kwa muda maonyesho ya vijana yalijaa vitu vilivyobandikwa, na wahakiki wa kwao wakalalamika. Lakini kusema kwamba alilizaa lile wimbi la 1985, la sanaa mpya ya vijana wa Uchina, ni kuwanyima wenyewe haki yao. Wimbi lilikuwa limeshaanza. Vitabu vya falsafa vilikuwa vikitafsiriwa kwa kasi, gazeti la sanaa la kila wiki lilikuwa limeanzishwa, makundi yalikuwa yanaundwa miji mbalimbali. Yeye alikuta moto unawaka, akatia kuni.

Angalia waliofuata. Huang Yong Ping, mji wa Xiamen, alichanganya Ubudha wa Chan (Zen) na mawazo ya msanii Mfaransa Marcel Duchamp. Mwaka 1986 yeye na wenzake walizichoma kazi zao baada ya maonyesho. Mwaka 1987 aliingiza vitabu viwili kwenye mashine ya kufulia, historia ya uchoraji wa Kichina na historia fupi ya uchoraji wa kisasa wa Magharibi, akavifua kwa dakika mbili. Kilichotoka ni rundo la majimaji ya karatasi juu ya sanduku la mbao. Hapo Mashariki na Magharibi zimechanganyika kwelikweli, na hakuna anayeweza kuzisoma tena.

Xu Bing naye, badala ya kuokota vitu vya mtaani, alirudi kwenye ufundi wa zamani kabisa. Alichonga kwa mkono herufi za mbao zipatazo 4,000, kila moja ikionekana ya Kichina na hakuna hata moja inayosomeka, akachapa vitabu na magombo marefu. Aliyaonyesha 1988 katika jumba lilelile la Beijing. Wazee walijikuta hawajui kusoma. Hakuna alama ya Rauschenberg humo. Walichochukua kwake, kwa maoni yangu, ni ruhusa: kama yule amethubutu ndani ya jumba hili, nasi tutathubutu, kwa njia yetu.

Huu haukuwa ukoloni wa kitamaduni?

Swali hili huja kwa hasira, na hasira hiyo ni halali. Mtu mmoja, mwenye jina na fedha, anazunguka nchi kumi na kazi zake. Maonyesho yalibeba jina lake. Wasanii wa nchi alizotembelea hawakuonyeshwa Washington kwa ukubwa uleule. Katika ROCI alikuja kama mwalimu wa dunia, na hapo ndipo ninapomwona dhaifu.

Ahmedabad ilikuwa tofauti. Aliuliza, akaonyeshwa, akakosea mbele ya watu waliojua kuliko yeye. Ukitaka kupima mabadilishano, usihesabu watazamaji. Uliza nani alikuwa mwanafunzi siku ile. Hata hivyo mafundi wa kinu kile hawatajwi majina ukutani makumbusho yanapotundika kazi hizo, na kila nikisoma vibao vyake naumia.

Japani hakurudi?

Alirudi mara nyingi. Kuanzia 1982 alifanya kazi Shigaraki, mji wa wafinyanzi, na kampuni ya kauri ya Otsuka Ohmi. Walichoma picha, zikiwemo za Mona Lisa, juu ya vibao vikubwa vya kauri. Ni kazi ninazozipenda kidogo kuliko nyingine. ROCI ilifika Tokyo 1986, katika makumbusho ya Setagaya.

Kwa nini hakuna nchi ya Afrika kwenye ROCI?

Orodha ndiyo hiyo, na Afrika haimo. Katika ujana wake alikuwa amekaa Morocco kati ya 1952 na 1953, akitengeneza kazi ndogo za karatasi na vitu alivyookota, kwa hiyo bara hili lilishamlisha. Pengo hilo linanikera. Nchi zetu zilikuwa na wachongaji, wafumaji na wachapaji wa khanga ambao wangemfundisha kitu.

Naweza kuziona wapi kazi hizi?

*Monogram* iko Stockholm, *Bed* iko New York, *Coca-Cola Plan* iko Los Angeles, na baadhi ya kazi za ROCI ziko Washington. Mwaka 2016 kituo cha sanaa cha UCCA, Beijing, kiliandaa maonyesho kuhusu Rauschenberg na Uchina, kikaweka kazi yake ndefu kuliko zote, vipande karibu 190 vinavyofikia mita 305 hivi, iliyomchukua kuanzia 1981 hadi 1998. Safari ile ya Jingxian iliangukia mwanzoni mwa miaka hiyo. Anayeitazama kazi hii lazima atembee, na akifika mwisho inambidi ageuke na kurudi njia ileile.